Je, Mwenye Watoto Aache Mbio?

Kuna neno moja linalosemwa sana katika tarafa yetu ya Idodi, barazani, na mashineni penye kusaga, na hata mlangoni pa kanisa watu watokapo. Sisi walimu tumelisikia mara nyingi, mpaka tumeona haifai kulinyamazia. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba mbio ni mchezo wa watoto wa shule, na mtu mzima aliyeoa au kuolewa, mwenye watoto wa kulisha, akionekana njiani asubuhi anakimbia na jasho lamtoka, basi ama ana wazimu ama ameikimbia nyumba yake. Wenye ulimi mkali huongeza mithali, ya kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni, kisha hucheka. Sisi hatucheki. Twataka kulijibu neno hili. Na kwa kuwa waliolisema hawakunong'ona, sisi nasi hatutanong'ona.

Kwanza tueleze hali ilivyo, maana wasomaji wa Mbeya na Njombe huenda hawaijui nchi yetu. Idodi iko chini bondeni, katika njia itokayo mjini Iringa kwenda hifadhi ya wanyama ya Ruaha. Ni nchi ya jua na vumbi, na ya mpunga wa mifereji. Watu wetu hupenda mpira wa miguu, kama wapendavyo watu wa Tanzania nzima. Kijana wa mpira ana wenzake kumi, ana washangiliaji, ana na mtu wa kumpelekea maji. Mkimbiaji wa masafa marefu hana mtu. Wakimbiaji wakuu wa taifa letu walitoka Mbulu, na Singida, na Dodoma, na pande za Arusha. Uhehe haujulikani kwa mbio, hivi hata mzee mwenye nia njema hana mfano wa karibu wa kumwonyesha mjukuu wake. Mchezo huu kwetu ni wa watu wachache, nao wachache hao wahesabika kwa vidole.

Walakini watoto hukimbia. Kila mwaka, ufikapo wakati wa michezo ya UMITASHUMTA na ya UMISSETA, huonekana wasichana wawili watatu ambao wangaliweza kufika mbali. Wengine hukimbia pasipo viatu, na bado huwaacha wenzao nyuma kwa nusu uwanja. Hata ikipita miaka minne mitano, mwalimu amkuta mmoja wao ukingoni mwa mfereji, mtoto mgongoni na ndoo kichwani, amwuliza, "Mbio je, binti?" Naye hucheka kidogo, hutazama chini, hujibu, "Shikamoo, mwalimu. Mbio zile zilikuwa za shule." Nani aliyemwambia ya kuwa zilikuwa za shule? Hakujizulia mwenyewe. Aliambiwa, tena aliambiwa na watu wampendao, na ndiyo sababu akasadiki upesi.

Husemwa kwamba mwili wa mwanamke, hasa aliyezaa, hauwezi mbio ndefu. Wazee wetu hudhani neno hili ni la mila ya Wahehe. Sivyo. Bibi zetu walipanda na kushuka milima hii na mizigo kichwani, na watoto mgongoni, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba mwili hauwezi. Neno hili lilikuwa la mabwana wa Ulaya. Mwaka 1928, katika michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800. Wakubwa wa michezo wakatazama, wakaona wanawake wamechoka mwishoni, kana kwamba wanaume wakikimbia hawachoki, wakaifuta mbio ile isirudi mpaka mwaka 1960. Hiyo ni miaka 32 ya kuwafungia watu mlango kwa dhana tu. Marathoni, yaani kilometa 42 na mita 195, wanawake hawakuikimbia katika Olimpiki mpaka mwaka 1984 huko Los Angeles, ndipo Joan Benoit wa Marekani alipoimaliza kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52, wala dunia haikupinduka. Basi asemaye leo barazani Idodi kwamba mwanamke hawezi asijione kuwa alinda desturi za babu. Ameokota dhana ya wageni, ambayo wenyewe wamekwisha kuitupa.

Na kama ni habari ya waliozaa, hatuna haja ya kwenda mbali. Twatazama kwa majirani zetu wa Kenya. Edna Kiplagat, askari polisi, alikuwa mama wa watoto aliposhinda marathoni ya dunia mjini Daegu mwaka 2011, akashinda tena Moscow mwaka 2013. Juu ya watoto aliowazaa, alilea na watoto wa dada yake aliyefariki. Mwaka 2017, akiwa na miaka 37, alishinda Boston. Faith Kipyegon alizaa binti mwaka 2018. Mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya Doha. Dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 aliyokuwa ameipata mwaka 2016 kabla hajazaa, aliipata tena mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Na mwaka 2023, katika muda usiotimia miezi miwili, alivunja rekodi tatu za dunia. Peres Jepchirchir naye ni mama: alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2021, na ya dunia mjini Tokyo mwezi wa Septemba 2025. Twawataja hawa si kwa kuwa kila mama wa Idodi atakuwa kama wao. Twawataja kwa sababu mtu asemaye "haiwezekani" huhitaji kuonyeshwa mmoja tu ili neno lake lianguke, nasi tumemwonyesha watatu.

Liko na jambo la maziwa. Mama anyonyeshaye akikimbia, huambiwa kwamba maziwa yake yataharibika na mtoto atadhoofika. Waganga wamelichunguza jambo hili: mazoezi ya kiasi hayaharibu maziwa wala hayazuii mtoto kukua, mradi mama ale vizuri na anywe maji ya kutosha. Ila mama asirudi mbioni upesi. Waganga wengi hushauri angoje kama miezi mitatu baada ya kujifungua, aanze kwa kutembea, na akiona maumivu au damu aende zahanati kwanza. Hii ni akili ya kawaida, wala haihitaji hofu. Tena twastaajabu kidogo: wanaoogopa kwamba mbio za saa moja zitaharibu maziwa, mbona hawaogopi jembe la kutwa nzima?

Wengine, wasomi zaidi, humshika Mtume Paulo. Husema kwamba alimwandikia Timotheo ya kuwa mazoezi ya mwili yana faida chache. Ni kweli, aliandika hivyo. Lakini chache si hapana. Tena mtume huyo huyo, alipotaka kuwaeleza Wakorintho jinsi ya kuishi, aliwapa mfano wa wakimbiao uwanjani. Wala hatudhani kwamba angaliwapa Wakristo mfano wa watu wapuuzi. Atakaye kumrudi jirani yake kwa Maandiko na asome barua zote mbili.

Basi wakishindwa hapo, huuliza swali ambalo hulitegemea kama ngao: faida yake nini? Medali haziliwi. Hapo hutaja majina ya waliolipwa fedha nyingi huko ng'ambo, wakasema, "Wale wanalipwa; wewe walipwa na nani?" Swali hili tutalijibu, maana lina ukweli ndani yake, ingawa waulizao hawaujui.

Watu hulisimulia jina la John Stephen Akhwari, mkulima wa Mbulu, aliyekimbia marathoni ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka akaumia goti, akafungwa kitambaa, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani jioni, zaidi ya saa nzima baadaye, wa 57 na wa mwisho, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Habari hii huelezwa shuleni kila mwaka kuwa mfano wa moyo. Sisi nasi huieleza. Lakini husahauliwa kipande chake cha pili: mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, mtu huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Yaani hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alirudi nyumbani na goti lake, akaendelea na mazoezi yake, akawa bora kuliko kwanza. Miaka ile miwili ya katikati ndiyo ituhusuyo sisi, maana haikuwa na picha wala makofi. Moyo wa mkimbiaji hukatika hapo, katika siku zisizo na mashindano. Na aghalabu hukatikia nyumbani kabla haujakatika njiani.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, nasi twaomba msomaji avumilie tueleze kwa kirefu.

Huko Moshi au Arusha mkimbiaji aweza kutoka saa kumi na moja alfajiri, akakimbia, akarudi watoto wakiwa bado wamelala. Kwetu haiwezekani. Usiku tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani, na atakayekimbia gizani katika njia za mpunga hana akili. Hivi mkimbiaji wa Idodi hana budi kungoja kupambazuke, nayo ni saa kumi na mbili, au na nusu. Na ikipita saa mbili, jua la bondeni huwa kali hata kuku hutafuta kivuli. Muda wake ni huo tu uliopo katikati ya tembo na jua. Na saa hiyo hiyo ndiyo ya kuwasha moto, na kuteka maji, na kufagia ua, na kupika uji, na kuwavika watoto waende shule wasichelewe, kwa maana wakichelewa sisi walimu huuliza.

Haya, kazi hizo ni za nani? Mume atokapo kukimbia, uji wapikwa. Arudipo, maji ya kuoga yako tayari, naye kijiji kizima humwita mtu wa bidii. Mke atokapo kukimbia, moto haujawashwa. Arudipo, akuta watoto walia, na mume ameketi mlangoni juu ya kiti amngoja, na mama mkwe yuko kando asema maneno ya mafumbo. Naye huitwa mkaidi. Njia ni ile ile, vumbi ni lile lile, kilometa ni zile zile kumi. Tofauti iko jikoni. Basi mtu asituambie ya kwamba wasichana wetu huacha mbio kwa uvivu au kwa kukosa moyo. Hakuna moyo uwezao kushindana kila asubuhi na moto usiowashwa.

Sasa turudi kwa waliolipwa. Juma Ikangaa wa Dodoma alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, wala hakuacha. Watu husema alikuwa na moyo wa chuma. Tumekubali. Lakini pamoja na moyo alikuwa na jeshi. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, naye alikuwa askari. Alphonce Simbu wa Singida ni askari: alipata medali ya shaba London mwaka 2017, akangoja miaka minane, ndipo tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa katika mashindano ya dunia ya riadha, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilometa 42. Nani aliyemlisha katika miaka ile minane? Askari hupata mshahara wake mwisho wa mwezi, akishinda au asishinde. Na askari akimbiaye asubuhi huwa yu kazini. Hakuna amwitaye mvivu. Edna Kiplagat naye, tumesema, ni polisi. Basi watu hawa hawakushikwa na tamaa ya medali tu. Walishikwa na utaratibu: saa yao ya mbio ilijulikana, ikaheshimiwa, na nyumba haikulala njaa kwa sababu yake.

Mwanamke wa Idodi hana kambi, wala hana mshahara. Jeshi lake ni nyumba yake. Kama nyumba haikumpa saa, hakuna serikali itakayompa, wala hakuna hotuba ya mwalimu itakayotosha. Ndiyo sababu sisi hatuwaandikii wanawake shairi la kuwatia moyo. Twawaandikia waume zao, na mama wakwe zao, na ndugu zao wa kiume, maneno makavu: washeni moto. Chukueni ndoo. Siku tatu katika juma, saa moja unusu kila siku. Ni saa nne na nusu tu, kidogo kuliko wakati ambao wanaume wengi wa tarafa hii huumaliza kwenye kilabu cha pombe Jumamosi moja. Twajua watakaoudhika na sentensi hiyo. Na waudhike, kisha wahesabu wenyewe.

Huogopa kuchekwa, twajua. Mwanamume mwenye ndoo kichwani hutazamwa. Lakini Catherine Ndereba wa Kenya, aliyeshinda Boston mara nne, na aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, alikuwa na binti mdogo wakati ule. Na mumewe ndiye aliyemwangalia mtoto mama alipokwenda mashindanoni. Hatujapata kusikia kwamba bwana yule aliota ugonjwa kwa kumlisha mtoto wake mwenyewe.

Tukisha kuwaambia hao, hatuna budi kuwageukia na wakimbiaji wanaume, maana baadhi yao ndio waliowapa wasemaji maneno ya kusema. Yuko mwanamume ambaye amefanya mazoezi kuwa pango la kujificha. Asubuhi akimbia, mchana alala, kwa kuwa amechoka na mbio, jioni akaa na wenzake kuzungumza habari za mbio. Palizi ni ya mkewe. Viatu vya mbio vilinunuliwa kabla ya madaftari ya watoto, na nauli ya kwenda mashindanoni ilitoka katika mpunga uliouzwa pasipo shauri la mwenzake. Huyu hulalamika kwamba nyumbani hawampi moyo. Wampeje? Nyumba isiyoulizwa haishangilii. Hata akishinda, atarudi na cheti mkononi akute watu wamekwisha kulala. Tena huyu ndiye aachaye mbio upesi kuliko wote, kwa sababu alizipenda kwa ajili ya sifa, na sifa za mchezo huu huku kwetu ni chache mno.

Mkimbiaji mwenye nyumba hana budi kuisema saa yake mbele ya wote, mume kwa mke na mke kwa mume, na watoto wakisikia. Akisema atarudi saa moja na nusu, arudi saa moja na nusu, hata kama miguu ingali mitamu. Na alichokitoa nyumbani asubuhi akirudishe jioni kwa kuni, au kwa maji, au kwa kukaa na watoto na vitabu vyao. Twawajua waliofanya hivi, na mbio zao zimedumu. Mmoja wao hukimbia na mwanawe wa kiume mwenye miaka kumi akimfuata kwa baiskeli, amechukua chupa ya maji. Na yule mtoto ndiye amwamshaye babake siku ambazo baba angependa kulala.

Kuna na shauri la majira, ambalo wakufunzi wa mjini hawalioni. Mbio kubwa ya Kilimanjaro, ambayo hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, humtaka mtu ajiandae tangu Desemba. Lakini kwetu miezi hiyo ndiyo ya mpunga: kusia, kupandikiza, kupalilia, mgongo umeinama na miguu iko topeni kutwa. Mtu akitoka huko hana miguu ya kukimbia, na akijilazimisha huumia. Kisha hujiona hana moyo, akaacha kabisa. Sisi twamwambia asione haya kupumzika wakati wa mpunga. Atembee, akimbie kidogo siku moja katika juma ili mwili usisahau, na asijilinganishe na mtu wa Arusha aliye kambini. Mpunga ukisha kuvunwa, Juni na Julai, kuna baridi kidogo, njia ni kavu, chakula kipo ghalani, na nyumba ina nafasi. Hapo ndipo ajizoeze kwa nguvu, na atafute mashindano ya Oktoba, kama yale ya Mwanza yaitwayo Rock City. Atakuwa ameukubali mwaka ulivyo, badala ya kupigana nao.

Na asiye na nauli ya kwenda Mwanza, je? Wengi hawana. Huyu na apate daftari na saa ya mkononi. Achague njia moja, tuseme kutoka shuleni mpaka darajani na kurudi, aandike dakika zake kila mwisho wa juma. Juma hili dakika 61. Mwezi ujao 59. Mtoto akiugua, aandike kwamba mtoto aliugua, asiandike kwamba alishindwa. Huenda mtu akasema kwamba haya ni mashindano ya mtoto mdogo. Sivyo. Kumshinda mtu uliyekuwa mwezi uliopita, ukiwa na watoto wanne na shamba la mpunga, ni ushindani mgumu, nasi tumeona watu wakiwa na furaha juu ya dakika moja kuliko wengine juu ya kikombe.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya watu maskini tu. Allyson Felix wa Marekani, mmoja wa wakimbiaji wenye medali nyingi kuliko wote, alizaa binti mwaka 2018. Na mwaka 2019 aliandika gazetini kwamba kampuni ya Nike, iliyokuwa ikimlipa, ilitaka kumpunguzia malipo, wala haikukubali kuweka ahadi ya kumlinda katika miezi ya karibu na uzazi. Makelele yakawa makubwa, na mwaka huo huo kampuni ikabadili mikataba yake kwa wakimbiaji wajawazito. Kisha, katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, kwa juhudi zake na za wenzake, pakawekwa kwa mara ya kwanza chumba cha kulelea watoto katika kijiji cha wanamichezo. Michezo hii ya Olimpiki ilianza mwaka 1896. Ilichukua miaka 128 wakubwa wa dunia kufahamu kwamba mama akimbiaye huhitaji mahali pa kumweka mtoto. Tena hapa kwetu, tangu mwaka 2017, wasichana wamekusanywa Dar es Salaam katika mashindano ya wanawake yaliyosaidiwa na Wajapani wa JICA, naye mzee Ikangaa akiyahimiza. Ni kazi njema, twaishukuru. Lakini msichana akisha kurudi kijijini na medali yake shingoni, akaolewa mwaka ujao, hapana mashindano ya Dar es Salaam yatakayomwashia moto.

Basi sisi walimu tumefanya shauri, wala hatukungoja miaka 128. Tangu Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno, uwanja wa shule utakuwa wazi kwa watu wazima saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili. Darasa la kwanza litafunguliwa, na walimu wawili kwa zamu watawaangalia watoto; uji utapikwa na wanaume, ambao kwa sasa wamejiandikisha wanne, na nafasi bado zipo. Hapana kiingilio. Viatu si lazima. Atakayekuja na mtoto mgongoni amkabidhi mlangoni, aseme jina la mtoto na saa aliyonyonya mwisho, kisha aingie uwanjani.